OptiPlex 7010 imegoma kuwaka: pawasaplai yoyote ya ATX itaingia, au nitafute ya Dell yenyewe?

#1 mwalimu_tororo
Salaam wakuu. Maabara yetu ina Dell OptiPlex 7010 kumi na mbili, mtumba wa Uingereza, i5-3470, RAM giga 8, diski za kuzunguka giga 500. Moja imeanza kugoma asubuhi. Ukibonyeza kitufe, taa inakuja rangi ya chungwa, feni inashtuka nusu mzunguko, halafu kimya. Ukirudia mara nne au tano inawaka, na ikishawaka inashinda kutwa bila tatizo. Dukani nimeambiwa ninunue pawasaplai yoyote ya wati 500 kwa kuwa plagi ni ileile ya pini 24. Bajeti ni shilingi 150,000. Je, kweli yoyote inaingia? Na je, ugonjwa ni pawasaplai kweli, au nitapoteza pesa ya shule bure?

#2 Bisibisi_Wandegeya
Karibu mwalimu. Jina 7010 pekee halitoshi. Ilitoka kwa maumbo manne: mnara, ya kulala, ndogo ya SFF, na ndogo kabisa ya USFF. Pawasaplai zake kwa mpangilio huo ni wati 275, 250, 240 na 200, na kila umbo lina nafasi yake. Ni mnara tu unaopokea ATX, lile umbo la kawaida la pawasaplai za kompyuta za mezani, bila kukata bati. ATX ina upana wa milimita 150, kimo 86, kina kuanzia 140. Ukichukua yenye kina kikubwa zaidi, waya hazipati pa kulala. Fungua kasha, soma lebo iliyo kwenye pawasaplai yenyewe, ulete maandishi yote hapa.

#3 malaba_mpakani
Mwalimu usinunue chochote bado. Hizo Dell hazina pini 24, zina plagi ya pini 8. Utahitaji adapta ya 24 kwenda 8.

#4 Bisibisi_Wandegeya
@malaba_mpakani hapana kaka. Pini 8 zilianza na kizazi kilichofuata, yaani 3020 na 9020 za mwaka 2013, 7020 ya 2014, pamoja na Precision T1700. Za 2012, yaani 3010, 7010 na 9010, na hata 790 na 990 zilizotangulia, zina pini 24 pamoja na plagi ya pini 4 ya CPU. Tofauti nyingine ya kuangalia kwa macho: kwenye 7010 waya za umeme wa diski zinatoka kwenye pawasaplai moja kwa moja. Kwenye 9020 zinatoka kwenye madabodi.

#5 duka_la_nasser
Kuongezea hapo: Dell ilirudia jina OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa. Ukitafuta spea mtandaoni kwa jina hilo tu, unaweza kuletewa kitu kisichohusiana na hiyo yako hata kidogo. Tafuta kwa namba ya pawasaplai, usitafute kwa jina la kompyuta.

#6 mwalimu_tororo
Asanteni. Nimefungua. Ni SFF. Lebo: L240AS-00, wati 240, 100–240V. Plagi ni pini 24 na nyingine ya pini 4, kama alivyosema Bisibisi. Pawasaplai ni nyembamba, haifanani kabisa na ile ya wati 500 niliyooneshwa.

#7 Bisibisi_Wandegeya
Basi jibu la swali la kwanza ni hapana. ATX itawasha mashine hiyo kwa umeme, lakini kwenye kasha haikai. Na usikubali kuuziwa TFX eti kwa sababu nayo ni nyembamba. TFX ni milimita 85 kwa 65 kwa 175. Ya Dell ya SFF ina umbo lake, feni yake na mahali pake pa kunasa kwenye bati.

Unachotafuta ni 240AS au 240ES. Herufi za mwanzo zinaonesha kiwanda: L ni Lite-On, D ni Delta, AC ni AcBel. Kwa hiyo L240AS-00, D240ES-00 na AC240ES-00 zinakaa sehemu moja, zinatumia plagi moja, na unaweza kuzibadilisha bila wasiwasi. Namba ya katikati ni wati. Herufi ya S mwishoni ni ya kasha dogo, M ni ya mnara. Ukiona L255AS-00, iache hata kama umbo linafanana: hiyo ni ya pini 8, ya kizazi cha 9020.

#8 malaba_mpakani
Nimekubali kuhusu pini. Lakini 240AS mpya hupati, zote zilizopo ni mtumba wa umri uleule. Kwa nini asiweke ATX nje ya kasha, waya apitishe tundu la nyuma? Umeme ni uleule.

#9 Kapasita
Kwenye benchi la fundi, sawa. Kwenye chumba cha wanafunzi, hapana. Waya inayoning'inia inavutwa, plagi ya pini 24 inalegea, pini moja inagusa nusu, inapata moto na kuyeyusha plastiki. Pia kasha la SFF linapozwa kwa sehemu na feni ya pawasaplai. Ukiitoa unabaki na tundu wazi na hewa haipiti juu ya diski.

Lakini nyote mmekimbilia kununua. Swali la pili la mwalimu ndilo zito. Mwalimu, ile taa ya chungwa inapepesa au imetulia?

#10 mwalimu_tororo
Inapepesa. Mashine ikikubali inatulia kidogo, kisha inakuwa nyeupe.

#11 Kapasita
Vizuri. Kwenye kizazi hiki, chungwa inayopepesa maana yake umeme umefika lakini ile ishara ya pawasaplai kusema "niko tayari", waya wa kijivu, haijafika kwenye madabodi. Chungwa iliyotulia maana yake ishara imefika na tatizo litafutwe kwingine. Kwa hiyo dole langu naelekeza kwenye pawasaplai.

Fanya hivi. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili kilichobaki kimwagike. Chomoa plagi ya pini 24, ya pini 4 na za diski. Rudisha waya wa ukutani. Nyuma ya pawasaplai, karibu na soketi, kuna kitufe kidogo na taa ndogo. Bonyeza. Taa ikiwa kijani, pawasaplai imejipima na kupita. Isipowaka, imekufa, hakuna mjadala.

#12 mpiga_lehemu
Kitufe hicho kinapima pawasaplai isiyo na mzigo wowote. Pawasaplai iliyochoka inapita mtihani huo kila siku. Kinaweza kukuambia imekufa, hakiwezi kukuambia ni nzima.

#13 mwalimu_tororo
Nimejaribu. Kijani mara zote tano.

#14 mpiga_lehemu
Ndiyo hilo nililosema. Dalili ya kukataa asubuhi na kukubali baada ya kubembelezwa ni kapasita zilizokauka kwenye sehemu ya umeme wa kusubiri, ule wa volti 5 wa waya wa zambarau. Sehemu hiyo hufanya kazi saa 24 maadamu waya uko ukutani, hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo ndiyo huchoka kwanza. Kapasita ikikauka, ukinzani wake wa ndani unapanda, na ikiwa baridi unapanda zaidi. Kila ukijaribu kuwasha inapata joto kidogo, mwishowe inatosha.

Chukua multimita, weka volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye zambarau kwa nyuma ya plagi. Pima mara mbili: plagi ikiwa imechomolewa, kisha ikiwa kwenye madabodi na mashine imezimwa. Kiwango ni 4.75 hadi 5.25. Waya wa njano ni 11.4 hadi 12.6, mwekundu sawa na zambarau, wa rangi ya chungwa 3.14 hadi 3.47.

#15 nyabo_mbale
Naona hamjagusa madabodi. Bodi za 2012 nazo zina kapasita, na zinazozunguka CPU zinaoka kwa miaka kumi na zaidi. Mwalimu aangalie kama kuna zenye kichwa kilichovimba au uchafu wa kahawia miguuni. Kuna kitufe cha kuwasha pia, kile cha mbele chenye waya mwembamba. Kikianza kugusa vibaya, dalili ni hizihizi. Jaribio rahisi: chomoa RAM, zifute miguu kwa kifutio cheupe, rudisha moja moja. Haligharimu shilingi.

#16 malaba_mpakani
Na betri ya CR2032. Ikishuka chini ya volti 2.8 bodi nyingine zinagoma kuwaka.

#17 Kapasita
Betri ikiisha kwenye Dell hizi unapata ujumbe wa saa na tarehe na kuombwa ubonyeze F1. Kushtuka na kuzima kabla ya picha sijaiona ikitokana na betri. Ila bei yake ni ndogo, mwalimu aibadilishe tu akiwa humo ndani. Kuhusu RAM, @nyabo_mbale, RAM chafu ingetoa taa ya utambuzi au milio, na feni ingeendelea kuzunguka. Hapa feni inasimama.

#18 nyabo_mbale
Si lazima feni iendelee. Shoti ndogo kwenye bodi inaivuta ishara ya waya wa kijivu chini, au inafanya pawasaplai ijilinde na kuzima. Taa inapepesa vilevile. Taa hiyo inasema ishara haipo. Haisemi ni nani aliyeiua.

#19 jua_la_gulu
Umeme wa ukutani ukoje, na kuna UPS katikati? Uliza hilo kabla ya kufungua chochote. Lebo inasema 100–240V, kwa hiyo volti kushuka hadi 180 jioni hakutamsumbua L240AS. Lakini UPS za bei nafuu na inveta nyingi za sola zinatoa wimbi la ngazi, si wimbi la mviringo. Pawasaplai zenye kirekebishaji hai cha mkondo (active PFC, saketi inayorekebisha jinsi mkondo unavyovutwa), kama hizi, zingine hulivumilia na zingine hunguruma, hupata joto au huzima.

Na jambo la pili. Pawasaplai nzima inatakiwa kushikilia umeme kama milisekunde 16 hivi ukikatika ghafla. UPS huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhama. Ukiona kompyuta moja inajizima Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha wakati za jirani kwenye UPS hiyohiyo zinabaki, ile kapasita kubwa ya ndani imepoteza uwezo. Watu hulaumu UPS na kununua nyingine, kumbe UPS ni nzima.

#20 mwalimu_tororo
Tunatumia umeme wa ukutani kupitia stebilaiza, hakuna UPS. Vipimo: zambarau 5.04 ikiwa imechomolewa, 4.52 ikiwa kwenye madabodi. Njano 12.08 mashine ikiwa imewaka, nyekundu 5.01. RAM nimefuta, betri nimebadilisha, kitufe nimekipima kinagusa vizuri. Hali ni ileile.

#21 mpiga_lehemu
4.52! Iko chini ya mpaka. Nimeridhika mimi.

#22 nyabo_mbale
Mimi bado. 5.04 bila mzigo na 4.52 ikiwa na bodi ina tafsiri mbili: pawasaplai dhaifu inayolemewa na mzigo wa kawaida, au pawasaplai nzima inayolemewa na bodi inayovuta kupita kiasi. Chipu ya mtandao na milango ya USB hula umeme huohuo wa kusubiri mashine ikiwa imezimwa. Chipu ya mtandao iliyopigwa na radi kupitia kebo inafanya hivyohivyo.

#23 mpiga_lehemu
Hoja nzuri, na inapimika. Nunua rezista ya ohm 4.7, wati 10, zile nyeupe za mstatili zinazofanana na tofali. Plagi ikiwa nje ya bodi, unganisha kati ya zambarau na nyeusi. Inavuta ampea 1 na ushei. Pima volti ndani ya sekunde kumi, kisha itoe maana inapata moto wa kuunguza kidole. Lebo itakuambia zambarau imeahidi ampea ngapi, kwa kawaida si chini ya 2, kwa hiyo ampea 1 ni kazi ndogo. Ikibaki 4.9 au zaidi, pawasaplai ni nzima na bodi ndiyo mlafi. Ikishuka chini ya 4.75, pawasaplai ndiyo mgonjwa.

#24 BodaByte
Samahani wakuu, mnahangaika na rezista na mwalimu ana mashine 11 nyingine zilezile! Ahamishe pawasaplai nzima aweke kwenye mgonjwa, na ya mgonjwa aweke kwenye mzima. Dakika ishirini.

#25 Kapasita
Umetuvua nguo wote, BodaByte. Hilo lilipaswa kuwa bandiko la pili.

#26 malaba_mpakani
Je, bodi yenye shoti haitaua pawasaplai nzima?

#27 Kapasita
Ya Lite-On au Delta ina kinga ya shoti, inajizima. Ile feki ya wati 500 ndiyo ningeiogopa. Mwalimu, ukihamisha fuata mpangilio: ukutani kwanza, kitufe sekunde kumi, pini 4 ya CPU, kisha pini 24 ukibana ulimi wake hadi mwisho bila kuyumbisha plagi kushoto na kulia. Ni kuyumbisha huko kunakopasua viungo vya lehemu kwenye bodi za zamani. Diski na DVD mwisho.

#28 duka_la_nasser
Wakati tunasubiri, niseme juu ya hiyo ya wati 500, maana wasomaji wengine wana minara. Usisome namba kubwa ya kwenye boksi. Soma safu ya volti 12. Kuna zinazoandikwa 500 na safu ya volti 12 inasema ampea 14. 12 mara 14 ni wati 168 tu, chini ya ile ya Dell ya 240. Zilizobaki wamejumlisha kutoka volti 5 na 3.3 ambazo kompyuta ya sasa haizihitaji kwa wingi. Shika pia uzito mkononi. Nyepesi kama boksi la chaki ina sahani ndogo za kupozea na mara nyingi sehemu ya koili za kuchujia umeme pale mlangoni imefungwa kwa kipande cha waya tu. Waya zikiwa nyembamba kupita 18 AWG (kipimo cha unene wa waya), iache.

Mahitaji yenyewe si makubwa. i5-3470 ni wati 77 ikibanwa. Bodi na RAM 30 hadi 40. Diski ya kuzunguka 6 hadi 10 ikiwa kazini, ila inapoanza kuzunguka inafika 20 na zaidi kwa sekunde chache. Ongeza feni na USB, hujafika 150. Ukiweka kadi ya picha ya GT 1030 unaongeza 30. Ukiweka kadi ya wati 75 isiyo na plagi yake, unakaribia kikomo cha 240 na hapo ndipo ningesita. Pawasaplai ya kweli ya wati 300 kwenye mnara inatosha kila kitu hapo.

#29 BodaByte
Nilisoma kwamba pawasaplai za zamani zinazima kompyuta ikilala kwa sababu CPU inavuta mkondo mdogo mno. Si inawezekana ndiyo hii?

#30 duka_la_nasser
Hiyo ni Haswell, CPU za Intel za kizazi cha nne, 2013. Hali zake za usingizi zinashuka hadi ampea 0.05 kwenye volti 12 na pawasaplai nyingine zikachanganyikiwa. i5-3470 ni kizazi cha tatu. Halafu mashine ya mwalimu inagoma kuwaka, haigomi kuamka.

#31 otim_HP
Niingilie kidogo. Nina HP EliteDesk 800 G1 SFF, plagi ni pini 6. Adapta za 24 kwenda 6 zipo. Salama?

#32 Bisibisi_Wandegeya
Hapo uwe makini kuliko Dell. Umeme wa kusubiri kwenye HP hizo si volti 5, uko 11 hadi 12. Adapta sahihi ina bodi ndogo ya saketi katikati inayopandisha 5 kuwa 12. Adapta ya waya peke yake bila bodi hiyo haitawasha kitu. Pia kuna plagi ndogo ya pili inayobeba habari za feni ya pawasaplai. Ikikosekana, kila ukiwasha unapewa onyo la feni. Lenovo ThinkCentre za M82 na M92 nazo ni pini 14, na za baadaye pini 10. Kwa hiyo hesabu pini kwanza, jina la kampuni baadaye. Na kwa yeyote mwenye Dell ya enzi za Pentium III: plagi yake ya pini 20 inafanana na ATX na inaingia, lakini mpangilio wa volti ni mwingine. Inaunguza bodi mara ya kwanza tu ukiwasha.

#33 otim_HP
Asante ssebo. Umeniokoa.

#34 mwalimu_tororo
Matokeo, na yamenichanganya. Mashine mgonjwa kwa pawasaplai nzima: imewaka mara ya kwanza. Nilidhani tumemaliza. Lakini pawasaplai mgonjwa kwenye mashine nzima: nayo imewaka mara ya kwanza! Rezista nimeipata: zambarau imeshuka hadi 4.61. Zote nimefanya saa saba mchana.

#35 mpiga_lehemu
4.61 kwa ampea 1 ni hukumu. Hiyo kuwaka kwenye mashine nzima ni kwa sababu pawasaplai ilikuwa imeshapata joto la asubuhi nzima.

#36 nyabo_mbale
Au kwa sababu bodi nzima inavuta kidogo na pawasaplai dhaifu bado inaimudu. Bodi mgonjwa inavuta zaidi, pawasaplai nzima inaimudu, dhaifu inashindwa. Vyote viwili vimechoka kidogo, na vikikutana ndipo vinagoma. Ukibadilisha pawasaplai utapona sasa, lakini bodi itaendelea kushuka. Pima zambarau kwenye bodi mgonjwa ikiwa na pawasaplai nzima, kisha kwenye bodi nyingine mbili tatu. Ikiwa mgonjwa inashuka zaidi ya wenzake, ninayo haki.

#37 Kapasita
Ninakubaliana na nusu ya @mpiga_lehemu na nusu ya @nyabo_mbale. Jaribio la saa saba mchana halihesabiki kwa ugonjwa wa asubuhi. Ziache zilivyo usiku kucha, na waya wa ukutani umechomolewa ili zipoe kabisa, uwashe kabla ya kipindi cha kwanza.

#38 jua_la_gulu
Mwalimu, ukigusa bati la kasha unahisi kutekenywa?

#39 mwalimu_tororo
Ndiyo, kwenye mashine tatu, ukigusa kwa nyuma ya mkono.

#40 jua_la_gulu
Waya wa ardhi haupo kwenye hizo tatu. Vichujio vya mlangoni mwa pawasaplai vina kapasita mbili ndogo zinazogawa 240 katikati, na bila ardhi bati linabaki na kama volti 120 zenye mkondo mdogo. Pima AC kati ya bati na waya wa ardhi wa soketi nyingine nzuri. Sababu ya kawaida ni waya wa plagi ya duara ya Ulaya uliolazimishwa kwenye soketi yetu ya tundu tatu. Ardhi yake haigusi popote. Nunua waya wenye plagi ya mraba yenye fyuzi. Fyuzi ya ampea 5 inatosha kompyuta, ondoa ile ya 13. Hili ni la wanafunzi, usilisubirishe hata kama pawasaplai itasubiri.

#41 malaba_mpakani
Swali kwa mpiga_lehemu: kwa nini asibadilishe kapasita tu? Ni mbili tatu.

#42 mpiga_lehemu
Inawezekana na ni rahisi kuliko pawasaplai nzima, kwa anayejua. Kapasita kubwa ya ndani inabeba volti 340 hadi 400 hata baada ya kuchomoa. Imwage kwa rezista ya kiloohm 10, wati 5, sekunde thelathini, kisha hakikisha kwa multimita. Usiishotishe kwa bisibisi. Cheche inakula njia za bodi na inaweza kukujeruhi. Kisha badilisha zile ndogo za upande wa zambarau, pamoja na ile ndogo kabisa iliyo karibu na chipu ya kusubiri upande wa umeme mkubwa. Watu huisahau hiyo na kusema kapasita hazikusaidia. Daraja la nyuzi 105, ukinzani mdogo, mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, kipenyo kiingie. Angalia mstari wa hasi.

Mwalimu asifanye hili mezani kwake kama hajawahi.

#43 mwalimu_tororo
Sitafanya. Ripoti ya asubuhi hii, zikiwa zimelala zimechomolewa. Pawasaplai mgonjwa kwenye mashine nzima: imewaka mara ya pili. Mashine mgonjwa kwa pawasaplai nzima: mara ya kwanza, lakini zambarau ni 4.88 wakati kwenye bodi nyingine mbili nimepata 4.98 na 4.99.

#44 mpiga_lehemu
Mara ya pili kwenye mashine nzima. Ni pawasaplai.

#45 nyabo_mbale
4.88 dhidi ya 4.98. Bodi inavuta zaidi. Toa kebo ya mtandao na kila kitu cha USB upime tena. Ikipanda, anza na chipu ya mtandao.

#46 Kapasita
Nunua pawasaplai, maana bila hiyo haifundishi mtu. Bodi uiweke chini ya uangalizi, upime zambarau kila mwezi na kuandika.

#47 Bisibisi_Wandegeya
Ukienda kununua 240AS ya mtumba, beba multimita na rezista yako. Mambo matano dukani: namba ya lebo isomeke, feni izunguke kwa kidole bila kukwaruza, isitoe harufu ya kuungua, plagi ya pini 24 isiwe na tundu lililobadilika rangi kuwa kahawia, kisha ichomeke umeme, rezista kwenye zambarau, sekunde kumi. Chini ya 4.85, rudisha kwenye rafu uombe nyingine. Usichukue iliyokuwa tayari imepata moto. Ile iliyokuwa imelala baridi ndiyo ya kupima.

#48 mwalimu_tororo
Nimeandika yote. Jumamosi naenda mjini na rezista mfukoni. Swali dogo: skrubu za pawasaplai ya SFF ni zilezile za diski?

#49 Bisibisi_Wandegeya
Ndiyo, kama diski ni za kuzunguka za inchi 3.5: zote ni zenye meno mapana. Ila za DVD na SSD ni zenye meno membamba. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine inakata uzi. Ziweke kwenye vifuniko viwili vya chupa tofauti.

#50 otim_HP
Adapta yangu imefika. Ina ile bodi ndogo katikati, lakini waya wa feni haupo. Nauunga wapi?